Taichi: Mazoezi ya Kichina ya Kumzuia Mzee Asianguke

Natumaini kila mtu amekwisha pata mahali pa kukaa, na daftari lake liko mbele yake. Kabla sijaanza, mwalimu wenu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: usawa, unyayo, nyonga. Yasomeni pamoja kwa sauti, polepole. U-sa-wa. U-nya-yo. Nyo-nga. Vema. Unyayo ni chini ya mguu, pale panapokanyaga ardhi. Nyonga ni pale paja linapoungana na kiuno. Na usawa, katika somo hili, ni ule uwezo wa mtu kusimama na kutembea bila kupepesuka.

Nitaanza na habari ya mama yangu mzazi. Alipokuwa na umri wa miaka 71, alfajiri moja alitoka nje kutia udhu. Kopo la maji lilikuwa mkononi, na baraza ilikuwa na umande. Aliposhuka, mguu uliteleza akaanguka kwa ubavu. Tulisikia kopo likibingirika uani kabla hatujasikia sauti yake. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika.

Alilala muda wa miezi mitatu. Mfupa uliunga, lakini hofu ilibaki. Kila alipotaka kuinuka, sisi watoto wake tulimwambia, "Kaa mama, tutakuletea." Akitaka maji, tunaleta. Akitaka kwenda kwa jirani, tunamwita jirani aje. Tulidhani kwamba tunamheshimu na kumtunza, na majirani walitusifu. Kumbe miguu yake ilikuwa inakonda siku hata siku, kama mguu wa mtu aliyefungwa plasta. Mwaka haukwisha akaanguka mara ya pili, na safari hii ilikuwa chumbani, mahali pakavu, pasipo na kitu chochote cha kumkwaza.

Kuanguka huko kwa pili ndiko kulikonifanya nianze kusoma na kuuliza. Nilikuta kwamba jambo hili si la nyumba yetu peke yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na kundi lenye vifo vingi zaidi ni la watu waliopita umri wa miaka 60. Iandikeni hesabu hiyo: sita, nane, nne, mkato, halafu sifuri tatu. Hapo hatukuhesabu wale wanaopona wakabaki kitandani, au wakabaki na hofu kama mama yangu.

Sasa tuulize, mtu husimamaje? Mtoto mdogo huchukua karibu mwaka mzima kujifunza kusimama, na sisi wakubwa tumesahau kwamba tulijifunza. Mwili hutegemea wapelelezi watatu. Macho ni mpelelezi wa kwanza, nayo huona ukuta umesimama wima na sakafu imelala. Wa pili yumo ndani ya sikio. Huko ndani kabisa mna vijifereji vyenye majimaji, na kichwa kikiinama majimaji hayo huenda, na ubongo hupata habari. Mpelelezi wa tatu yumo katika nyayo na maungo ya miguu, ambako mishipa ya fahamu huhisi kama uzito umekwenda mbele au nyuma, kuume au kushoto. Wapelelezi hao wakipeleka habari, ubongo huamuru misuli ya miguu ikaze upesi, na mtu hujirekebisha kabla hajajua kwamba alitaka kuanguka.

Uzee huwapunguza nguvu wote watatu. Macho hufifia, sikio huchoka, nyayo hazihisi vizuri kama zamani. Na misuli inayopokea amri huwa imenywea, hasa ikiwa mtu hukaa kutwa. Basi habari huchelewa kufika, na amri ikitoka mguu hauna nguvu ya kuitii. Hivyo ndivyo mtu huanguka mahali pakavu.

Dawa ya kumeza ya jambo hili hakuna. Lakini yako mazoezi, na moja la namna ambazo zimechunguzwa sana na madaktari latoka China. Laitwa taichi.

Katika jimbo la Henan kuna kijiji kiitwacho Chenjiagou, yaani bonde dogo la ukoo wa Chen. Katika karne ya 17 aliishi huko askari mmoja, Chen Wangting, aliyekuwa mtu wa zama za wafalme wa Ming. Utawala wao ulianguka mwaka 1644, na wengi humtaja yeye kuwa ndiye mwanzilishi wa mchezo huu. Nasema mchezo, lakini kwa asili ulikuwa namna ya kupigana. Jina lake kamili ni taijiquan, na kipande kile cha mwisho, quan, maana yake ni ngumi. Ukoo wa Chen ulirithishana elimu hiyo kwa miaka mingi, mpaka akaja mtu wa nje, Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799 na kufa mwaka 1872. Huyu alijifunza pale kijijini, kisha akaipeleka Beijing. Mjukuu wake, Yang Chengfu, aliyefariki mwaka 1936, aliifundisha kwa mwendo wa polepole na ulio sawa tangu mwanzo hata mwisho, bila kurukaruka wala kupiga mateke ya ghafula, hata wanyonge na wazee wakaweza kujifunza.

Mwaka 1956 serikali ya China iliwaita walimu wa taichi watengeneze mfano mfupi ambao kila mtu angeweza kuujua. Wakachagua miondoko 24. Mtu akiifanya yote kwa utulivu, haimchukui zaidi ya dakika tano au sita. Na mwaka 2020 shirika la UNESCO liliiandika taichi katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Leo hii ukifika asubuhi katika bustani ya Hekalu la Mbingu mjini Beijing, utawakuta wazee, wanaume kwa wanawake, wamesimama chini ya miti. Wamevaa nguo zao za kila siku na viatu vya kitambaa. Hakuna mpira, wala chuma cha kunyanyua. Wanakwenda wote pamoja kama majani chini ya maji. Kila mwondoko una jina lake, na majina yenyewe yanapendeza: mmoja huitwa korongo mweupe atandaza mabawa, mwingine mikono kama mawingu, mwingine jogoo wa dhahabu asimama kwa mguu mmoja. Mgeni akitazama huweza kucheka, akasema, "Hawa wanaota ndoto?" Mimi pia nilipoona picha zao kwa mara ya kwanza nilisema hivyo. Niliona kwamba mazoezi ya polepole namna ile ni ya watu waliokwisha kata tamaa.

Basi na tujaribu, ili kila mtu aone mwenyewe. Simameni nyote. Walio na umri mkubwa, au wenye kizunguzungu, washike mgongo wa kiti au ukuta. Mwalimu apite katikati awaangalie. Tengeni miguu, nafasi ya upana wa mabega. Kunjeni magoti kidogo tu, kama mtu anayetaka kukaa kisha akaghairi. Mgongo wima, mabega yaanguke, pumueni kwa pua bila kulazimisha. Sasa peleka uzito wa mwili wote katika mguu wa kuume, polepole, huku ukihesabu moja, mbili, tatu, nne. Usiuinue mguu wa kushoto. Ngoja mpaka usiwe na kazi kabisa, hata mtu angeweza kutelezesha karatasi chini yake. Hapo ndipo uinue kisigino chake, kisha unyayo mzima, kiasi cha upana wa kidole. Kaa hapo. Hesabu tena mpaka nne. Urudishe chini, na uzito uhame taratibu kwenda kushoto.

Je, paja halikuanza kuwaka? Kaeni.

Wachina husema kwamba mguu mmoja umejaa na mwingine ni mtupu. Fikirini mitungi miwili, na maji yanamiminwa kutoka huu kwenda ule, bila tone kumwagika. Tunapotembea upesi hatufanyi hivyo. Mtu aendaye haraka kwa kweli huwa anaanguka kidogo kwenda mbele, kisha hujidaka kwa mguu wa pili, halafu huanguka tena na kujidaka tena. Kijana hujidaka vizuri. Mzee siku moja huchelewa kujidaka. Katika taichi hakuna kujidaka. Huwezi kunyanyua mguu mpaka ule mwingine umekwisha pokea mzigo wote, na kwa kuwa unakwenda polepole, misuli hubeba mzigo huo kwa muda mrefu, na nyayo hupata nafasi ya kuhisi kila mahali uzito unapopita. Wanawake waliozoea kujitwika ndoo ya maji kichwani wanalijua jambo hili kuliko mimi. Hawatupi mguu mbele, huuweka.

Sasa mtu mwenye akili atauliza, "Nani amethibitisha haya? Au ni maneno ya wauzaji wa dawa sokoni?" Swali hilo ni la haki. Mwaka 1996 madaktari wa mji wa Atlanta, Marekani, walitoa habari ya wazee 200 waliopita miaka 70. Baadhi yao walifundishwa taichi kwa wiki 15, na hao walipunguza sana hatari ya kuanguka mara kwa mara. Zaidi ya hayo, hofu yao ya kuanguka ilipungua. Niliposoma hapo nilimkumbuka mama.

Lakini uchunguzi niupendao zaidi ni wa jimbo la Oregon, huko huko Marekani, uliotolewa mwaka 2018. Tutautumia kwa hesabu yetu ya leo. Walichaguliwa watu 670 wenye miaka 70 na zaidi, ambao ama walikuwa wamekwisha anguka katika mwaka uliotangulia, ama miguu yao ilikuwa dhaifu. Wakagawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu, ili asiwepo wa kusema kwamba wenye nguvu walikusanywa upande mmoja. Kundi la kwanza lilifanya taichi iliyotengenezwa kwa ajili ya usawa. Kundi la pili lilifanya mazoezi mchanganyiko, ya kutembea, ya nguvu na ya kusimama imara. Kundi la tatu lilinyosha viungo tu. Wote walifanya hivyo mara mbili kwa wiki, saa moja kila mara, kwa wiki 24.

Muda huo wote waliandika kila mara mtu alipoanguka. Andikeni na ninyi. Kundi la kunyosha viungo: kuanguka mara 363. Kundi la mazoezi mchanganyiko: mara 218. Kundi la taichi: mara 152. Makundi yalikuwa karibu sawa kwa idadi ya watu, kwa hiyo twaweza kuyalinganisha. Toeni 152 katika 363. Nani amepata? Ni 211. Sasa toeni 152 katika 218. Ni 66. Tazameni vizuri: hata ukilinganisha na mazoezi mazuri ya namna nyingine, taichi ilishinda. Walakini tazameni pia kwamba watu wa taichi hawakuacha kuanguka. Mara 152 si sifuri. Anayewaambia kwamba mtu akifanya taichi hataanguka kamwe, anawadanganya.

Wapo watakaosema kwamba hao ni Wamarekani, na nyumba zao si kama zetu. Ni kweli. Lakini goti ni goti.

Ziko faida nyingine, nami nitazipitia upesi. Mwaka 2016 madaktari wa Boston waliwachunguza watu 204 wenye maumivu ya magoti yatokanayo na kulika kwa maungo. Wengine walifundishwa taichi na wengine walipewa matibabu ya mazoezi na wataalamu wa viungo. Baada ya wiki 12, wote walipata nafuu, na nafuu ilikuwa sawasawa. Katika ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, uchunguzi wa watu 195 uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba taichi iliwasaidia wagonjwa kusimama vizuri zaidi. Na mwaka 2024 zilitoka habari za China kwenyewe, za watu 342 ambao presha yao ya damu ilikuwa imeanza kupanda lakini haijafika kuwa ugonjwa. Walifanya mazoezi mara nne kwa wiki kwa mwaka mzima. Ile hesabu ya juu ya presha ilishuka kwa kiasi cha 7 kwa watu wa taichi, na kwa kiasi kisichofika 5 kwa wale waliofanya mazoezi ya kukimbia, kupanda ngazi na kuendesha baiskeli. Mimi sikutegemea hivyo. Nilidhani wanaotoka jasho jingi ndio wangeshinda.

Lazima niseme na yale ambayo taichi haifanyi. Haiponyi saratani. Haiondoi kisukari, wala haichukui mahali pa vidonge vya presha alivyokupa daktari. Ukianza mazoezi, vidonge vyako endelea kuvimeza, na daktari ndiye atakayesema kama vipunguzwe. Wachina wa kale walieleza faida ya mazoezi haya kwa habari ya pumzi ya uhai ipitayo mwilini, waiitayo chi. Watu wengi hudhani kwamba hiyo ndiyo chi iliyomo katika neno taichi. Sivyo, ni maneno mawili mbalimbali ya Kichina, masikio yetu tu ndiyo yanayoyachanganya. Mimi sina ugomvi na mtu anayeamini habari ya pumzi hiyo. Lakini kwa mzee anayetaka kwenda chooni usiku bila kuanguka, inatosha kujua kwamba paja limepata nguvu na unyayo umepata akili.

Mtu akitaka kuanza nyumbani, afanye lile zoezi tulilolifanya hivi sasa, basi. Miondoko 24 yahitaji mwalimu, na kitabu hakitoshi, wala redio. Lakini kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine kila mtu anaweza. Achague mahali palipo sawa, pasipo na mkeka uliokunjika wala majimaji. Kiti kizito au ukuta uwe karibu. Goti lisipite ncha ya vidole vya mguu, kwa maana hapo ndipo linapoumia. Asifumbe macho. Dakika tano asubuhi na dakika tano jioni zinatosha kwa mwanzo. Paja likiwaka ni kazi njema, lakini maumivu makali ndani ya goti, au kizunguzungu, ni ishara ya kuacha na kwenda kumwona mganga wa hospitali. Wala asitazamie mabadiliko wiki ya kwanza. Wale wa Oregon walifanya kwa wiki 24, nanyi mwajua miezi hiyo ni mingapi. Mwenye kujua aandike jibu.

Sasa mtauliza habari za mama. Nilipomwambia kwa mara ya kwanza kwamba asimame ashike mlango na kuinua mguu mmoja, alinitazama sana. "Mwanangu," aliniambia, "mwaka jana mlinikataza nisiinuke. Leo wataka nisimame kama kuku?" Nikamwambia kwamba huko China huyo ni jogoo wa dhahabu. Alicheka, akashika mlango.

Siku za kwanza nilisimama nyuma yake, mikono nimeitanua kama mtu adakaye kuku hasa. Hakuweza kuhesabu mpaka mbili. Baada ya mwezi alifika nne. Sisi nasi tukaacha kumletea kila kitu. Hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko kwake, kwa maana kumtazama mama yako akiinuka polepole, huku wewe umekaa, jirani anaweza kukufikiria vibaya. Mmoja alinifikiria hivyo, na alisema.

Siwezi kuwaapia kwamba ni zoezi lile lililomsaidia. Huenda ni kule kutembea, huenda ni fimbo tuliyomnunulia, huenda ni ile ngazi ndogo ya saruji tuliyoijenga barazani. Ninalojua ni kwamba sasa ni mwaka wa tatu, na hajaanguka tena. Asubuhi hushuka baraza mwenyewe. Huweka mguu mmoja, hungoja, kisha huleta wa pili. Kopo la maji hubebwa na mjukuu. Hapo bado hatujakubaliana, kwani yeye asema anaweza kulibeba.

Kazi ya wiki hii ni hii. Kwanza, nakilini sentensi hii katika madaftari: "Usiinue mguu mpaka mguu wa pili umepokea mzigo wote." Pili, kila mwanafunzi amwulize mzee mmoja, wa nyumbani au wa jirani, kama ameanguka katika mwaka huu, na ameanguka wapi. Muulizeni kwa adabu, tena faraghani, kwa maana wazee wengi huona haya kulisema jambo hili, na mama yangu alitufichia mara moja ambayo hata leo hataki kunieleza. Andikeni jibu kwa sentensi mbili au tatu, mkaonyeshe mwalimu wenu. Ataandika ubaoni zile sehemu zilizotajwa, kama ni baraza, choo, jiko au kitandani, na mtahesabu pamoja ni ipi iliyotajwa mara nyingi.

Kwaherini, mpaka wiki ijayo.